Kakakuona wa Mzee Jaswant

Mzee Jaswant ni fundi wa saa aliyestaafu, jirani yetu hapa Mountain View. Tangu mkewe afariki mwaka wa 1987 anaishi peke yake, kwa maana watoto wake wote wako Kanada. Ni mtu mzima na kilemba chake, lakini kila Jumamosi ananunua chingamu kama sisi watoto wa mtaa, kwa sababu ya zile picha za wanyama zilizo ndani. Picha ni arobaini, na huwezi kujua umepata gani mpaka urarue karatasi. Mimi nimepata pundamilia mara sita!

Basi tunaenda kwake kubadilishana. Anatupa chai na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya dengu na karanga, anapanga picha zake mezani, anatutania.

"Nzembi, wewe kila siku pundamilia! Iko shamba yake?"

Yeye alikuwa amebakisha moja tu: kakakuona, yule mnyama wa magamba. Jumamosi iliyopita nilirarua pakiti, nikamkuta humo. Nilikimbia kwake kabla ya wenzangu.

"Uncle, chukua! Umemaliza!"

Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Nilingoja afurahi. Akageukia vikombe saba alivyokwisha kutuandalia.

"Mimi nikimaliza, nyinyi takuja hapa kufanya nini?"

Nilisema tutakuja tu, lakini hata mimi sikuyaamini maneno yangu.

Akanirudishia picha mkononi. "Weka wewe. Mimi bado natafuta," akasema, akaenda kuchemsha maziwa.