Fundi Shamsudin na Mchu Mkavu

Bondeni nzima yajua kwamba Shamsudin, fundi wa kanzu, hawezi kuona kitu kimekaa upande. Enzi za kushona, mshono ukipinda nafasi ya unywele aliufumua akaanza upya, mteja apige kelele asipige. Macho yalipomchosha akafunga duka, na unadhifu wake wote ukahamia nyumbani. Siku alipoanza kupanga vijiko vya jikoni kwa urefu, mkewe Maisara aliweka mwiko chini.

"Bwana, nakupenda, lakini toka. Pale Tudor kuna watu wapanda mikoko. Nenda ukawapangie wao."

Akaenda, na viatu vyeupe na ufagio wa chelewa. Eddah, mama wa bara aliyestaafu bandarini na sasa akiongoza kikundi, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akauma mdomo asicheke.

"Karibu, baba. Ufagio ni wa nini?"

"Msitu mchafu, mama. Majani kila mahali!"

Kwa kuokota plastiki hakuwa na mpinzani. Maji yakipwa, alipekua mzizi kwa mzizi. Alipogeukia majani ndipo Eddah akamzuia.

"Hayo ni chakula cha kaa, baba. Ukifagia, watakula nini?"

Akakubali shingo upande. Kilichomshinda ni mchu mmoja, mkoko uliokauka zamani, umesimama katikati ya miche mibichi kama jino bovu. Eddah alikwisha mwambia auache, una wenyewe, naye akasikia kwa sikio moja. Asubuhi moja akaja na msumeno, akakunja kikoi, akazama matopeni hadi magotini. Alipoushika tu, ndege wa buluu mwenye mdomo mwekundu akachomoka tunduni na kumpita sikioni kwa makelele. Fundi akakaa kitako, kikoi na kofia na msumeno, vyote matopeni.

"Ni mdiria," Eddah alisema akimvuta mkono, sasa akicheka waziwazi. "Hutaga kwenye tundu za miti mikavu. Nilikwambia una wenyewe."

Nyumbani Maisara alimzunguka mara moja, akimkagua.

"Nilikutuma ukapande mikoko. Mbona umejipanda mwenyewe?"

Alinuna siku mbili. Baadaye akaanza kutoka mapema bila kuaga, na jirani akamletea Maisara habari kwamba mumewe ashinda Tudor juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama gogo. Kweli. Alikuwa amesikia makinda yakilia ndani, na hakuweza kubanduka.

Ndipo akatokea Joab, mkaanga samaki wa Makupa, na shoka begani.

"Shikamoo, mzee. Mti huu umekufa, naona. Kuni zimenitesa, wacha niuchukue."

"Marahaba. Umekufa, naam, lakini una watu ndani. Hebu kaa hapa."

Akampa ndoo. Joab alikaa kwa adabu tu, akitazama shoka lake. Punde mdiria akarudi na kaa mdomoni, akaingia tunduni, na humo ndani kukazuka ugomvi wa njaa.

"Ala!" Joab akacheka. "Kama kwangu wakati wa chakula." Kisha uso ukamshuka. "Lakini mzee, na jiko langu je?"

Shamsudin akamwambia amfuate. Aliwaza njia nzima walipokuwa wakienda pamoja hadi Bondeni. Mwisho akamfungulia mlango wa duka na kumwonyesha meza ya kukatia nguo, aliyoiegemea ujana wake wote.

"Ichukue. Ni mbao kavu."

Joab alipoipasua, fundi aliingia nyumbani asione. Maisara, aliyekuwa akimtania tangu siku ile ya matope, safari hii akaenda kuleta birika. Alimmiminia kahawa akakaa karibu naye.

Makinda yaliruka siku ya harusi ya mpwa wa Maisara, fundi akiwa amebanwa baina ya wajomba, hana pa kutorokea. Aliyeyaona ni Joab, aliyekalia ndoo badala yake. Alikuja jioni na samaki wa moto kwenye gazeti, akasimulia: la kwanza liliruka vizuri, la pili likaanguka kwenye mche, likajikung'uta, likapaa.

"Mimi nilikuwa nakula pilau," fundi alilalama. "Pilau! Hebu anza tena, Joab. Na usiruke kitu."

Joab akaanza tena. Samaki walipoa, na Maisara akawarudisha jikoni kuwapasha moto.