Bakshishi ya Baba

Wengi wanaobishana juu ya bakshishi hawajawahi kuipokea. Wameitoa tu. Mtu anakaa, anashiba, anasema inaharibu wafanyakazi, au anasema asiyeitoa ni bahili, kisha anapanda gari anaondoka. Mimi nimeipokea miaka mingi na nimeitoa miaka mingi zaidi, kwa hiyo na mimi nisikilizwe. Shule sikukaa. Darasa la pili niliondoka mwenyewe, mwalimu hakunifukuza kama wanavyosema watu wa kijijini kwetu.

Nilianza kuhudumu kwenye hoteli moja jirani na stendi ya mabasi, Singida Mjini, uhuru ukiwa bado mchanga. Usifikirie hoteli ya vitanda. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati, meza za mbao, moshi wa kuni, na chai ya maziwa tangu alfajiri. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano, mpole wa maneno na mgumu wa mfuko. Jikoni alikuwepo mama mmoja wa Iramba ambaye pilau yake iliwafanya madereva wa malori wavumilie njaa kutoka Manyoni mpaka wafike kwake.

Kazi yangu ilikuwa kunawisha watu mikono, kuleta sahani na kufuta meza. Mshahara ulitosha kununulia chumvi tu. Kilichoniweka pale ni sumni, zile sarafu za senti hamsini, ambazo wateja waliziacha chini ya kisosi. Yule mama wa jikoni aliziona.

"Mimi napika, wewe unabeba, asante unapokea wewe," aliniambia siku moja, mwiko mkononi. "Haya, endelea. Kesho utabeba mifupa."

Nikaanza kumgawia. Sikufanya kwa wema. Asiponipa nyama nzuri, mteja hatoi kitu.

Azimio la ujamaa lilipokuja, tukaitwa kwenye mkutano sisi wote tunaofanya kazi za stendi. Bwana mmoja alitueleza kwamba bakshishi ni mabaki ya ukoloni. Mzungu alimrushia boi wake sarafu, na sasa hakuna boi, kuna ndugu, na ndugu hampi ndugu bakshishi. Tukapiga makofi. Mama wa Iramba akanong'ona, "Basi huyo ndugu anikatie kuni." Kesho yake madereva wakaingia wakiita, "Ndugu, lete chai!" kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiitia boi. Sumni zikaendelea kukaa chini ya kisosi. Wachache tu waliacha kutoa, na hao walikuwa hawatoi tangu zamani, ila sasa walikuwa na sababu ya kusema.

Mimi siku zile nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni ng'ombe wa mahari. Mchumba nilishampata, binti wa kijiji cha upande wa Ikungi, si mbali na kwetu. Wazee wake walishakubali maneno, wakawa wanangoja ng'ombe wafike. Ng'ombe walikuwa zizini kwa baba. Kwetu mahari ya mke wa kwanza hutoka kwa baba. Ukijinunulia mwenyewe baba akiwa hai na ana zizi, watu wanasema huyu hana kwao, na wakwe wanaweza kukurudisha mlangoni na ng'ombe wako. Na mimi nilisikia kuna mtu mwingine, mwenye duka, ameanza kupita pita pale kwa wakwe.

Baba akakataa. Aliyeniletea habari ni mjomba, alikuja mnadani kuuza mbuzi.

"Baba yako amesema hatoi ng'ombe," akaniambia. "Amesikia unalipwa kwa kumimina maji kwenye mikono ya watu."

"Si kweli kwani?"

"Ni kweli, ndiyo maana amekataa."

Niwaeleze wasiojua. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Unachukua maji, unainama, unammiminia mzee polepole, na mzee akimaliza anakukung'utia matone kichwani na kukutamkia neno: ukue, upate watoto, mifugo ikukubali. Hayo ndiyo malipo, hakuna mengine. Kwa baba, kupokea sarafu kwa maji ya kunawa ilikuwa ni kuuza kitu kisichouzwa. Yule bwana wa mkutano alisema nadhalilishwa, baba akasema nauza baraka. Mmoja msomi, mmoja hajui hata kuandika jina lake, na wote wawili walikuwa hawataki sumni yangu.

Siku chache baadaye baba akaja mwenyewe.

Ilikuwa mchana, hoteli imejaa. Alishuka kwenye lori la vitunguu, shuka begani, fimbo mkononi, makatambuga ya tairi miguuni yamejaa vumbi. Akaingia, akachagua meza ya katikati, akakaa kama mtu aliyelipia nyumba nzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Za nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Nimekuja kula. Nina njaa."

Mwenye hoteli alimtambua kwa kuwa tumefanana paji la uso. Akaja na kumsalimia kwa heshima, akasema mzazi wa kijana wake halipi pale. Baba akamwambia, "Mimi leo si mzazi wa mtu. Ni mteja." Mzee wa Kondoa akaniangalia, mimi nikaangalia chini, akarudi kwenye kiti chake.

Nikaleta birika na beseni. Nikainama, nikammiminia. Mikono ya baba ilikuwa na mipasuko ya jembe, maji yakaingia humo yakatoka mekundu kwa udongo. Alipomaliza nilibaki nimeinama kidogo. Ni mazoea. Hakukung'uta mikono. Aliifuta kwenye shuka yake, akaivuta sahani niliyomletea.

Meza hiyo hiyo alikaa dereva mmoja wa lori, mtu wa Mwanza, mnene, mcheshi, mtoaji mzuri. Yeye hakujua kwamba huyu ni baba yangu.

"Mzee, huyu kijana ni mwepesi," akasema huku anatafuna. "Ukimaliza usimwache mikono mitupu."

"Kwani ninyi huwa mnampa nini?"

"Sumni. Nikiwa na moyo mzuri, shilingi."

"Ya nini? Chakula si umelipia?"

"Ya uchangamfu, mzee. Anakuja mbio, anacheka vizuri, roho inafurahi."

"Asipocheka?"

Dereva akameza tonge. "Asipocheka simpi."

"Basi mnanunua meno yake," akasema baba, akaendelea kula.

Watu wa meza za jirani wakaangua kicheko, na dereva akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nikajikuta nami nacheka, na palepale nikaona baba anayaangalia hayo meno.

Alimaliza kila kitu sahanini, akafuta mchuzi kwa kidole. Akalipa kwa mwenye hoteli, akasubiri chenji yake. Halafu akarudi mezani, akafungua pindo la shuka alipokuwa amefunga hela zake, akatoa sumni. Akaiweka mezani mbele yangu. Hakuificha chini ya sahani kama wengine. Aliiweka wazi, kwa mkono wa kulia, akabaki ananiangalia.

Nimewahi kuulizwa, katika maisha yako umepata mtihani gani mkubwa. Watu wanategemea niseme njaa, au siku tuliyohamishiwa kijiji kipya. Mimi nasema sumni ile. Nikiikataa, nimekataa kitu kutoka mkononi mwa baba, na kwetu hiyo ni laana ya kujitafutia. Nikiichukua, nimekubali mbele ya watu kwamba mimi kwake ni mtumishi kama kwa mpita njia yeyote. Na ng'ombe walikuwa wanangoja jibu.

Nikaichukua. Kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote.

"Asante, mzee," nikasema. Sikusema baba. Yeye ndiye aliyesema leo ni mteja.

Akatingisha kichwa, akachukua fimbo, akatoka. Mgeni husindikizwa hata kama amekutukana, kwa hiyo nikamwomba mama wa Iramba aniangalizie meza, nikamfuata. Tulitembea kuelekea upande wa ziwa la Kindai mpaka nyumba zikapungua.

"Umeipokea," akasema.

"Nimeipokea. Kwani umeiiba?"

"Huna aibu."

"Baba, wewe ukiitwa kwa jirani kuchinja na kuchuna ng'ombe, hawakupi shingo? Unaibeba mpaka nyumbani, tunaila. Mbona hiyo siyo aibu?"

Nilijiona nimempata. Nilikuwa nimeiandaa hoja hiyo tangu mjomba alipoondoka. Baba alisimama, akaegemea fimbo.

"Shingo ni haki yangu. Ng'ombe hajalala chini, kila mtu anajua shingo ni ya nani. Sichekei mtu nipewe. Nikichinja nimenuna, napewa. Hiyo yako unajua kama itakuja?"

"Sijui."

"Unaingoja."

"Naingoja. Na wewe mkulima, mvua huingoji?"

"Naingoja," akasema. "Lakini siichekei."

Lori la kurudi likapita, akalipungia mkono, akapanda juu ya magunia bila kuniaga.

Nikarudi kazini. Siku zilizofuata nikawa najitazama. Nikawa nikikaribia meza nasikia mashavu yenyewe yanapanda, kabla sijamwona hata mteja ni nani. Nikasema ngoja nijaribu. Nikahudumia bila kucheka. Sahani safi, maji ya kutosha, mbio zile zile, uso umetulia. Sumni zikapungua nusu kabisa. Yule dereva wa Mwanza akaniuliza kama nimefiwa. Mama wa Iramba akanifokea kwamba nimeharibu mgao wake kwa maringo ya Kinyaturu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa amekosea kuhusu maji. Maji ya kunawa mjini ni kazi, mtu hana mdogo wake pale wa kumnawisha, na mikono michafu haijui ukoo. Sikuona aibu kuyamimina, na mpaka leo sioni. Lakini kuhusu meno alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nauza uso wangu kwa bei asiyoijua mtu, na siku mteja akiwa ameamka vibaya nilikuwa nimeuza bure.

Nikamwendea mwenye hoteli baada ya swala ya adhuhuri.

"Mzee, nataka nyongeza ya mshahara."

"Bakshishi si unapata?"

"Ile siijui mpaka iwe imekuja. Nataka kitu ninachokijua asubuhi nikiamka. Na mama wa jikoni naye."

"Nikikuongezea, utaacha kupokea za wateja?"

"Siachi. Mtu akitaka kunipa ni mapenzi yake."

Akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. "Wewe ni mnyang'anyi, siyo mhudumu." Nikamwambia kwamba mwenye hoteli ya ng'ambo ya stendi amekwishaniita, na mama nitaondoka naye. Hiyo ya kuitwa ilikuwa kweli. Ya mama nilikuwa sijamwuliza. Mzee wa Kondoa akanuna, akanywa maji, akasema atafikiri. Mwisho wa mwezi alituongezea sote wawili. Kidogo, lakini kilikuwa kinajulikana. Mama wa Iramba hakunishukuru. Alisema nimechelewa.

Ndipo nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba anaziba zizi kwa matawi ya miiba. Nikavua shati, nikamsaidia kuvuta. Tulifanya kazi mpaka pengo likafungika, halafu nikamweleza yote.

"Kwa hiyo sasa unajua utapata nini," akasema.

"Najua."

"Na wakikuwekea sumni juu yake?"

"Naichukua."

"Unacheka?"

"Nikichekeshwa."

Akachomoa mwiba kidoleni kwa meno, akautema. Nikalala nyumbani nikijua kwamba nikirudi mjini bila jibu, yule mwenye duka atakuwa mkwe wa watu.

Asubuhi nikasikia kengele za ng'ombe. Baba alikuwa ameshawatoa, amewatenga kando ya zizi. Hawakuwa wale wazuri. Wale wazuri walibaki ndani wananitazama. Alinitolea jike mmoja mzee, dume lenye jicho bovu, na wengine wa kati kati, ila idadi ilikuwa ile waliyosema wakwe. Sikulalamika. Ng'ombe mbaya wa baba anapokelewa kwa wakwe kuliko ng'ombe mzuri wa kununua.

Alitangulia mbele mwenyewe, mimi nyuma nikiswaga. Sikumwomba aje. Angeweza kumtuma mjomba, na nilitegemea atamtuma. Tulipokuwa tunakaribia kijiji cha wakwe, tukakutana na mzee mmoja anayefahamiana na baba, amebeba jembe. Wakasalimiana ile salamu yetu ndefu ya mifugo, mvua, watoto na wagonjwa. Kisha akauliza ng'ombe wanakwenda wapi.

"Namwoza kijana wangu," akasema baba. "Anafanya kazi mjini."

"Hongera. Kazi gani?"

Dume lenye jicho bovu likaanza kula mtama wa watu, nikalichapa.

"Muulize mwenyewe," akasema baba. "Ana mdomo."

Yule mzee akanigeukia. Nikamwamkia, nikamwambia nahudumia watu chakula kwenye hoteli, nawanawisha mikono na kuwaletea sahani. Baba hakugeuka nyuma kuniangalia, lakini hakuongeza mwendo pia. Alinisubiri nimalize kusema, ndipo akawapigia ng'ombe mluzi, tukaingia kijijini.