Mzee Aliyetaka Nichomoe Betri

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sina homa, sina usingizi, wala sikuwa nimefunga. Nalitanguliza hilo kwa sababu nawajua watu. Nilipomsimulia shemeji yangu, la kwanza aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikula. Nilikula wali wa nazi uliobaki usiku uliotangulia nikashushia chai ya rangi. Kwa hiyo usinitafutie sababu, nisikilize tu.

Kazi yangu ni kubadilisha vipuri vya seva, zile kompyuta kubwa zinazotunza mambo ya ofisi za watu. Nakaa Euless, huku Marekani, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, na bosi wangu yuko Houston. Uso wake nauona kwa nadra. Anapiga simu, ananiambia nenda Plano, nenda Irving, nami nabeba mkoba wangu naendesha. Kabla ya kisa hiki alikuwa ametuonya sote kwa ukali. Fundi mwenzetu mmoja alidanganywa na mtu aliyejifanya mfanyakazi wa ofisi aliyokwenda, akamsikiliza, akafanya alivyoambiwa, na mambo ya watu yakapotea. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Sasa mimi karatasi zangu za kukaa nchi hii zimefungwa kwenye kazi hii. Nikifukuzwa, mimi na mke wangu na watoto tunafunga mizigo. Unafikiri mtu wa namna hiyo anamwamini nani? Hata muuguzi aliyenifungulia mlango Jumapili ile nilimtazama mara mbili.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Mkenya mwenzangu, dada wa Kisii, jina lake Nyaboke. Pale palikuwa hospisi, huko Plano, nyumba wanapolazwa wagonjwa ambao hospitali imeshasema haina la zaidi. Wana utaratibu wao mmoja: mgonjwa akipenda, anarekodiwa sauti yake, wosia au salamu, na familia inapewa akishafariki. Sauti hizo zinakaa kwenye seva yao.

"Jana kulikuwa na storm, stima ikapotea," Nyaboke aliniambia tukitembea kwenye ukumbi. "Tulikuwa tunarekodi mgonjwa. Alikuwa tu amemaliza, tuka-save, alafu kila kitu ikazima. Sijui kama iliingia. Please fundi, usiipoteze."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanifungulia chumba kwa kadi yake, akarudi kwa wagonjwa, na mlango ukajifunga nyuma yangu. Kilikuwa chumba kidogo, zamani stoo, hakina dirisha.

Ngoja nikueleze kidogo kuhusu betri, la sivyo hutanielewa. Ndani ya seva kuna kadi inayosimamia diski. Kitu chochote unachohifadhi, kadi inakipokea kwanza, inakishika kidogo, ndipo inakiandika kwenye diski. Umeme ukikatika hapo katikati, kile ambacho hakijaandikwa kinabaki kwenye kadi, na kinachokiweka hai ni kibetri kidogo kilichopachikwa juu yake. Kuna na kitaa cha manjano. Kikiwa kinawaka na kuzima, maana yake bado kuna kitu humo. Ukichomoa betri wakati huo, kitu kile kimekwenda, na hakuna fundi duniani wa kukirudisha.

Nikafungua mfuniko. Betri ilikuwa imevimba, imechoka kabisa. Na kitaa cha manjano kinawaka, kinazima, kinawaka. Nikajua sauti ya mgonjwa wa Nyaboke imo. Kazi yangu basi ilikuwa kurudishia umeme, niiache kadi iandike ilichoshika, nizime seva taratibu, kisha ndiyo nibadilishe betri. Nilikuwa nimeinama natafuta waya pale nikasikia mtu nyuma yangu.

"Fundi. Ichomoe hiyo betri."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu Mombasa, si cha bara.

Sasa sisi watu wa pwani tukishtushwa na mtu mahali asipotarajiwa, hatumtazami usoni. Tunatazama miguu. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba jini anaweza kuvaa sura yoyote lakini kwato hazifichi. Nikatazama. Nikaona miguu miwili ya binadamu, soksi nene za kijivu, zile wanazovalishwa wagonjwa wasiteleze, na juu yake kikoi. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, alhamdulillahi, huyu ni mtu. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu tu. Mmarekani angetazama mlango kwanza, ajiulize mzee huyu kapitaje na mlango unataka kadi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Umewahi kumuona mzee wa kwetu akapewa shikamoo akainyamazia? Hilo lilinikaa vibaya. Alikuwa mrefu, mkondefu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, anakitazama kile kitaa cha manjano. Nikamuuliza kama amepotea chumba chake.

"Mna maneno yangu humo," akasema. "Niliyasema jana. Betri ukiichomoa sasa yatapotea. Ichomoe."

Nikuulize wewe: mzee wa kikoi kutoka Mombasa amejuaje mambo ya betri na kadi? Mimi mwenyewe nilisomea. Mara moja nikakumbuka onyo la bosi. Nikasema nimekwisha, wameniletea mtego, na wametafuta mpaka mtu wa lugha yangu. Nikawa nautazama ukuta kama kuna kamera.

"Maneno gani, mzee wangu?"

"Nimemnyima binti yangu radhi."

Aliyasema hivyo hivyo, bila kupandisha wala kushusha sauti. Wewe unayejua radhi ya mzazi ni nini huhitaji maelezo. Mtu anaweza kufanikiwa, akajenga, akahiji, lakini kama mzazi wake amekufa hana radhi naye, kwetu sisi huyo ni mtu aliyekwisha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Alinileta huku akanitupa kwa watu baki. Nilikuwa na hasira. Ichomoe."

Nilimhurumia, sikufichi. Lakini huruma haikunitoa shaka. Nikamwambia, "Mzee, mimi hii nikiichomoa nafukuzwa kazi. Binti yako yuko hai, simu zipo. Si umwambie mwenyewe kwamba umempa radhi?"

Akanitazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa makavu, hayapepesi. Kisha akarudia yale yale, "Ichomoe."

Nikamgeuzia mgongo nikabonyeza umeme. Feni za seva hunguruma zinapoanza, mpaka watu wawili hawasikilizani bila kupiga kelele. Lakini yeye nilimsikia kama mwanzo, sauti ile ile ya chini, imenikaribia sikioni: "Fundi, usiyaandike. Usiyaandike." Sikugeuka. Nilikaza macho kwenye kitaa, nikisoma kila aya niliyoikumbuka na nyingine nikizichanganya, mpaka kikazimika. Kadi ilikuwa imemaliza kuandika. Nilipogeuka sikumwona mtu, na mlango umefungwa kama Nyaboke alivyouacha.

Nikazima seva, betri nikaibadilisha mbio mbio. Kile kishikizo cha plastiki nilikaribia kukivunja. Nilipotoka nikamwambia Nyaboke kwa ukali kidogo kwamba wagonjwa wao wasiachwe kuzurura, kuna mzee wa kikoi amenifuata mpaka kwenye mashine.

Akasimama. "Mzee wa kikoi? Fundi, usinichezee. Hapa mzee wa kikoi alikuwa mmoja, yule tulikuwa tunarekodi jana. Ali-pass leo asubuhi. Mimi mwenyewe nilimfunga macho. Wamekuja kumchukua kabla ufike."

Nilikaa garini kwenye maegesho muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Jioni hiyo habari ya msiba wa mzee huyo ikaingia kwenye kundi letu la simu la Waswahili wa Dallas. Huku tuko wachache, mtu wetu akifa tunakwenda kuzika hata kama hatumjui. Nilikwenda. Nikatia udongo kama wenzangu na sikumwambia mtu lolote. Binti yake, Rukia, alikuwa anakaa Euless hapo hapo, fleti za jirani na zetu. Usiku anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, mchana anasomea uuguzi. Babake alipougua hakuwa na mtu wa kumwachia, ndipo akampeleka kule Plano. Kuna waliomsema, unawajua watu wetu.

Mke wangu alikuwa akienda matangani kila siku kusaidia kupika. Siku moja akarudi amejiinamia. "Ile sauti ya babake imeletwa," akaniambia. "Aliifungulia mbele yetu sote, maskini, akidhani ni dua. Mzee anasema hana radhi naye duniani na akhera. Rukia hali chakula tangu hapo. Hata kuswali ameacha, anasema haina maana tena. Nakwambia tutazika tena nyumba ile."

Ningelala vipi? Sauti ile niliiandika mimi. Kidole changu ndicho kilichobonyeza.

Nikaenda na mke wangu. Rukia alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni, mtandio umemshuka mabegani. Nikampa pole, nikakaa mbali kidogo, nikamweleza yote, kuanzia kile kitaa. Alinisikiliza amekunja uso.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna, dada yangu. Nimekuja mwenyewe."

"Umesema ilikuwa Jumapili mchana."

"Ndiyo."

"Jumapili mchana mimi nilikuwa hapa hapa nalia. Nimetoka kupigiwa simu kwamba babangu hayupo." Kisha akasema, "Kaka, kama alikuwa na miguu ya kumfikisha kwenye mashine, mbona hakuja kwangu? Kaja kwako, fundi asiyemjua, akuombe ufute. Hakutaka watu wasikie alivyonisema. Hiyo ni aibu yake. Mimi nauliza radhi."

Na wallahi nilikuwa sijaliwaza kabla ya yeye kulisema.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema, na sasa alikuwa ananitazama machoni. "Alisema amenipa radhi?"

Nikayapitia maneno ya mzee yote, moja moja. Ichomoe. Usiyaandike. Nilikuwa na hasira. Nilimuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, si umwambie umempa radhi, na yeye akanikazia macho. Hakulisema. Hakulisema hata kwa kulizungukia. Na mbele yangu yuko mtoto wa watu midomo imempasuka kwa kutokunywa maji. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nikasema, "Alisema. Aliniambia, mwambie mwanangu radhi nimempa, duniani na akhera."

Alilia kilio mpaka wanawake wote wakaja mbio kutoka jikoni. Kisha akaomba maji. Jioni yake mke wangu akanipigia simu kwamba Rukia ameswali na amekula uji. Leo Rukia yuko kazini, anasoma, ukikutana naye dukani anacheka. Sijutii neno nililosema, na ukinipa siku ile tena nitalisema tena.

Lakini wiki hiyo hiyo nilitumwa Irving, ofisi ya bima, kazi ya diski. Watu wamejaa, saa ya chakula cha mchana. Nimeinama kwenye chumba cha mashine, nafungua skrubu, nikasikia nyuma yangu, kwa utulivu kabisa:

"Nilisema lini?"

Sikuitika. Niliacha mkoba wangu pale nikaenda kusimama na watu kwenye mashine ya kahawa. Tangu siku hiyo yuko nami kila ninapofungua seva. Hanigusi, hanitishi, feni zingurume zisingurume namsikia. "Fundi, nilisema lini?" Nimekwenda kwa shehe, kanishauri nirudi kwa Rukia nimwambie ukweli. Nikamshukuru nikaondoka. Siendi. Nimuue mtoto yule mara ya pili kwa ajili ya kustarehe mimi?

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikia. Kama kuna mtoto wako umemkasirikia, mpe radhi yake leo, kwa mdomo wako, yeye mwenyewe akusikie. Usiiachie mashine wala fundi. Na maiti usimsemee, hata la kheri.

Nisingesimulia haya kama mambo yangebaki hapo. Juzi, nikiwa Plano, hakuniuliza lile swali lake. Aliniuliza Rukia anakaa nyumba gani.

Huenda anataka kwenda kumpa radhi kwa kweli. Huenda anataka kwenda kumwambia fundi amekudanganya. Mimi simjui, na simwamini. Sikumjibu, lakini ataendelea kuuliza, na siyo mimi peke yangu ninayekaa Euless. Ukikutana na mzee mrefu wa kikoi, anayezungumza Kiswahili kizuri, mpe shikamoo. Asipoitikia, chochote atakachokuuliza, sema hujui.