Simu Kumi na Nne, Hakuna Mtu

"Weye Apollinarie, simu zikilalaka zote kwako, benyewe bakipata shida bataita na nini?"

Jirani yake Sabine ndiye aliyeuliza, siku moja kabla ya maafa ya mwaka jana, wakianika ndagala, dagaa wa ziwani. Apollinarie Niyonsaba alicheka.

"Bataita na kinywa," alijibu.

Saa kumi na moja jioni, mtaani Nyamianda, mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, anayewachajia watu simu kwa malipo, anazichomoa kwenye bateri yake ya jua. Hata ambayo haijajaa anairudisha.

"Mama, iko na kumi na mbili kwa mia tu!" analalamika mteja.

"Enda nayo, papa. Miye silazi tena simu ya muntu."

Kwa miaka tisa alizilaza. Kila simu aliibandika plasta yenye jina la mwenyewe na nyumba yake. Watu waliziacha jioni, wakazichukua baada ya misa ya asubuhi.

Mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa nne, tope lilishuka kutoka mlimani likafunika nyumba za watu pamoja na kibanda chake. Yeye jioni hiyo alikuwa amezifungia simu kisandukuni, akamwachia mwenzake ufunguo, akaenda Bwegera kumsaidia dada yake kuvuna mpunga.

Waokoaji walikuja na chombo cha kunasa mawimbi ya simu, wajue waliofukiwa wako wapi. Kikaonyesha simu kumi na nne mahali pamoja.

"Tulisema, Mungu ni mkubwa, watu bamekusanyika hapa," anasimulia Sylvestre Ndayiragije, aliyeongoza kikundi hicho. Walichimba tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakiimba ili walio chini wasikate tamaa.

Apollinarie alifika kwa miguu, akaona wanapochimba.

"Nikapiga kelele: hapo hapana muntu! Hapo iko simu tu!" anasema, mkono kifuani. "Baliniangalia sawa mwenye wazimu. Kiisha koleo ikagonga kisanduku yangu. Wimbo ukakatika."

Sylvestre alifungua kisanduku, akaanza kusoma plasta. Kila plasta ilitaja mtu aliyelala bila simu, na nyumba yake. Wakakimbilia huko. Watatu walitolewa wakiwa hai.

Belyse, binti wa Sabine, alitolewa amekwisha kufa, mwili ungali na joto.

"Munganga wa hospitali alisema, labda bangemufikia saa moja mapema..." Apollinarie anageukia rafu.

Simu ya msichana huyo iko hapo juu. Anaichaji kila siku. "Ninaomba Mungu Sabine akuye aikamate. Anitukane, lakini akuye. Mwaka muzima hajanisemesha."

Bado anaongea, mtu anaziba mwanga mlangoni. Ni Sabine. Hasalimii. Ananyoosha mkono.

"Imejaa, dada yangu," Apollinarie anasema, akimpa simu. "Kila siku ninaijazaka."

Sabine anaigeuza simu, anasoma mwandiko polepole: Belyse, kwa Mama Sabine, bati nyekundu, nyuma ya kisima.

"Nyumba ulikuwa unaijua. Ungeipeleka jioni ile," anasema.

Anaifunga simu kwenye pindo la kitenge, anatoka.