Dawati Lililosimama Nami

Mimi ni mrefu kuliko wote darasani, hata wavulana, na tangu darasa la saba natembea nimekunja mabega kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Basi fikiria nilivyojisikia siku Baba aliponikalisha kando ya barabara, mbele ya karakana yake hapa Nyakabiga, akapima magoti yangu kwa utepe huku watu wakipita na mikate yao ya asubuhi.

Komini, ile ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa imebandika tangazo. Ilitafuta fundi wa kutengeneza madawati ya shule, na shule yenyewe ilikuwa yangu, kule Ngagara. Kila fundi alete bei yake ndani ya bahasha iliyofungwa, alete na dawati moja la mfano, na bahasha zitafunguliwa mbele ya wote. Hayo maneno ya mwisho Baba aliyapenda sana. Aliyasema wakati wa kula, akayasema akinawa.

"Mbele ya wote," alimwambia fundi wa ng'ambo ya barabara. "Umesikia? Safari hii apana kujificha."

"Sawa. Nitakushinda mbele ya wote," jirani alijibu bila kuinua kichwa. Yeye anaranda kwa mkono. Baba ana mashine ya umeme, na mashine hiyo ndiyo ilikuwa roho yetu. Kazi zilikuwa zimekauka, vitanda viwili na banda moja la kuku tangu Ramadhani, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshakuja kuizunguka mashine kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Mama alisema wazi: kazi ya komini isipopatikana, mashine itauzwa.

Siku ya kufungua bahasha wale washindani wawili walichanga nauli ya tukutuku moja ya magurudumu matatu, madawati yote mawili yamefungwa nyuma kwa kamba. Nami nilipelekwa, kwa sababu Baba alitaka wakubwa waone mwanafunzi mrefu akikaa bila kuteseka. Tulikaa kwenye korido ya komini juu ya madawati yetu wenyewe, kuanzia saa mbili asubuhi. Kila aliyepita alidhani nimeadhibiwa.

Saa sita sekretari akatoka na funguo zake.

"Munangojea nini, bazee?"

"Bahasha," Baba akasema. "Zifunguliwe."

"Bahasha gani tena? Ile kazi ilishatolewa. Ni gré à gré."

Sikujua maana yake, na kuuliza niliona haya. Jirani ndiye aliyenieleza kwa sauti ya chini: komini imemchagua mtu mmoja, ikampa kazi, hakuna kushindana, hakuna bahasha.

"Wamempa nani?" Baba akauliza.

"Bwana mumoja wa Kiriri, kule kwa matajiri."

"Ni fundi?"

"Anauza friji."

"Na sisi, kwa nini hatukushindanishwa?"

"Ilikuwa haraka, muzee."

Madawati ya mfano tukaambiwa tuyaache, eti ni ya dosie, yabaki na makaratasi ya kazi. Nilipopita hapo wiki iliyofuata, chupa ya chai ya sekretari ilikuwa juu ya lile la Baba. Imetulia vizuri, nakiri. Dawati halikuyumba.

Ile haraka ilichukua mihula miwili. Muda wote huo Baba na jirani walikuwa wakimsema bwana wa Kiriri, kila mmoja upande wake wa barabara, kwa sauti ya kushinda misumeno. "Hata kama mi ningeitwa, nisingekubali!" Baba alikuwa akisema. "Ningesema, muite na wengine!" Jirani alikuwa akijibu, "Ego, ndiyo, sema tena!" Sijawahi kuwaona wakipendana vile. Mashine ilikuwa haijauzwa bado, maana kila mwezi Baba alimwomba mfanyabiashara mwezi mmoja zaidi.

Kisha madawati yakaja. Bwana wa friji alikuwa amebana mbao: miguu mifupi, na ubao wa chini, ule wa kuwekea vitabu, umepigiliwa karibu kabisa na kiti. Wafupi walikaa. Mimi niliingiza miguu kwa upande, mmoja mmoja, na nikishaingia natoka wakati wa mapumziko tu, kwa msaada.

Siku hiyo sikusaidiwa. Mkurugenzi wa shule alifungua mlango ghafla, nyuma yake bwana mkubwa wa komini aliyekuja kuona madawati mapya. Darasa zima likasimama. Nami nikasimama, kwa sababu nina adabu, na dawati likasimama nami. Jirani yangu wa dawati, msichana mfupi mwenye mdomo mrefu, akajikuta ananing'inia upande wake.

"Yoo! Nishushe, sha!" akapiga kelele.

Watu walicheka hadi mkurugenzi akageukia ubaoni, mabega yakimtikisika. Bwana wa komini hakucheka. Alinitazama magoti, akatazama dawati, akajifuta jasho.

"Nani anaweza kurekebisha haya mambo upesi? Wiki ijayo kuna wageni wanakuja."

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba mfanyabiashara amesema atakuja Ijumaa na pesa mkononi, achukue mashine. Nikafungua mdomo ikatoka hewa.

"Anasema baba yake, fundi wa Nyakabiga!" yule msichana akatangaza. Sikuwa nimesema kitu, lakini ananijua.

Bwana akaandika papo hapo: kazi ya kurekebisha madawati apewe fundi wa Nyakabiga, aanze mara moja. Akagonga muhuri. Jina hakuniuliza. Nilikwenda nyumbani nimeiweka ile karatasi ndani ya daftari, na kwa mara ya kwanza sikukunja mabega.

Baba aliisoma, akanibusu kichwani, akasema alhamdulillahi mara tatu. Ya nne haikumalizika. Ng'ambo ya barabara randa ya jirani ilikuwa imenyamaza, naye anatuangalia.

"Hii ni gré à gré," Baba akasema polepole.

"Ni riziki," Mama akasema. "Mungu ameileta kwa magoti ya mutoto wako. Chukua!"

"Nimemusema yule bwana mihula miwili mbele ya huyu fundi. Leo nitamutazama na macho gani?"

"Na haya haya unayo."

Lakini Baba alikuwa ameshavuka barabara.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, zabuni ilifanyika juu ya meza ya karakana yetu. Masharti yalikuwa yale yale ya komini. Bahasha zilitengenezwa kwa kurasa za daftari langu la hesabu na kufungwa kwa gundi ya mbao, na Baba akasema msomaji ni mimi, kwa sababu nimesoma. Mtaa mzima ulikuja: muuza mkaa, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu. Gundi ilikuwa imekauka kama jiwe. Bahasha ilibidi zipasuliwe kwa patasi.

"Sauti!" kinyozi akadai. "Mbele ya wote ni pamoja na sisi wa nyuma!"

Nikasoma ya Baba. Nikasoma ya jirani. Ya jirani ilikuwa chini, si sana, ila chini. Nikaisoma mara ya pili nikitumaini imebadilika.

Baba akachukua ile karatasi yenye muhuri, akampa jirani kwa mikono miwili. "Umeshinda," akasema. "Nimeona mwenyewe." Ndani ya nyumba sufuria ilianguka, au ilitupwa. Ilikuwa Alhamisi.

Watu walipotawanyika jirani alikuwa bado amesimama pale, anakuna kisogo, anasoma karatasi kana kwamba imeandikwa Kichina.

"Fundi," akasema. "Madawati arobaini. Mubao mupya kila moja. Na wageni ni wiki ijayo."

"Ndiyo."

"Kwa mukono sitamaliza hata kumi."

"Ndiyo," Baba akasema, akiangalia mashine bila kutaka kuonekana anaiangalia.

"Basi kesho njoo tufanye pamoja, we na mashine yako."

Baba akajinyoosha. "Hapo, rafiki yangu, lazima uwaulize na wengine wenye mashine. Kila mumoja alete bahasha yake..."

"Bila bahasha!" Mama alipiga kelele kutoka ndani. "Anakuja! Kesho saa kumi na mbili! Amekubali!"

Ijumaa mfanyabiashara alikuja na pesa zake mkononi. Aliongea, nadhani, maana niliona mdomo wake ukicheza, lakini mashine ilikuwa inaunguruma na Baba hakumsikia hata neno moja.