Ladu za Bibi Harusi

Jana, katika duka la viungo huko Tooting, kusini mwa London, muuzaji alifungua gunia la manjano, na papo hapo nikaziba pua.

Nilikuwa mtoto. Jirani zetu walikuwa Wapakistani waliohamia London kutoka Nairobi, na binti yao, niliyemwita dada, aliyenilea mama alipokuwa kazini, alikuwa anaolewa. Siku ya kumpaka manjano walimkalisha kwenye kigoda, amejifunika mtandio wa njano. Kila mwanamke alimsugua uso na mikono kwa manjano yaliyokandwa na mafuta ya haradali, kisha akamlisha ladu, donge tamu la unga na samli, kwa vidole vilevile, vimelowa mafuta na mate. Dada alimeza, akafungua kinywa tena.

“Msugueni sana,” shangazi yake alisema, “wakwe wasije wakasema tumewapa mweusi.”

Wakacheka wote. Mle sebuleni hamkuwa na weusi ila mama na mimi. Mama naye alicheka kidogo, na hicho ndicho kilichonitia kinyaa zaidi.

Zamu yangu ilipofika, nilimega ladu. Dada akaninong'oneza, “Mdogo wangu, nitatapika.”

Nikaitia kinywani mwangu. Samli ilinikwama kooni.

“Mtoto gani huyu, hana adabu!” Shangazi akanivuta mkono.

“Mwache,” dada alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akainuka, akajifungia bafuni. Sisi tukasikiliza maji ya bomba yakimwagika, yakimwagika.