Hadi Diski Mpya na Majina ya Marehemu Wetu

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio Chang'ombe. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini hakwenda kusoma popote. Alifungua moja, akaifunga, ikawaka, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita mtaalamu. Hata mie nilimwita hivyo, na leo neno hilo sitaki hata kulisikia.

Kompyuta yangu ilitoka shirika la umma nilikokuwa mpiga chapa. Shirika liliuzwa, sisi tukapunguzwa, vyombo vya ofisi vikapigwa mnada. Nikaichukua mashine niliyoizoea, nikaiweka sebuleni kwetu Mwananyamala, nikawa nachapa barua na kadi za harusi. Ilikuwa nzito. Ukiiwasha, unainjika chai na kurudi, bado inajikusanya. Lakini kazi ilikuwa inafanya, na ningekuwa na akili ningeiacha ilivyo.

Baba alikuwa na daftari la marehemu wetu. Babu ndiye aliyeliandika, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: wote waliotangulia, pamoja na vitoto vilivyokufa kabla ya arobaini ambavyo hakuna mwingine aliyevikumbuka. Kila Alhamisi baada ya alasiri baba alilisoma, akawaombea rehema mmoja mmoja. Mchwa wakaliingilia sandukuni. Wakati huo jicho moja la baba lilikwisha kufa na la pili lilikuwa linafifia, na mwandiko wa babu ulinishinda. Basi tukakaa, yeye akisoma kwa lenzi, mie nikichapa, wiki baada ya wiki.

Tulipomaliza, akaniambia nilizike lile daftari.

"Kila ukurasa una jina la Mwenyezi Mungu, mwanangu. Halitupwi jalalani, wala halifungiwi vitumbua."

Nikalivika kitambaa cheupe, nikalizika nyuma ya nyumba, pembeni pasipokanyagwa. Ndivyo tulivyofanya siku zote kwa karatasi za namna ile. Nililizika kwa furaha, nikijiona mtu wa maana, maana majina yote yalikuwa ndani ya mashine. Macho ya baba yalipozima kabisa, usomaji ukawa wangu. Alikaa kwenye kiti kando yangu na tasbihi yake, nami nikasoma kiooni, jina kwa jina.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuyachapa kwenye karatasi. Jibu langu ni la aibu. Printa yangu ilitoa maandishi ya vidoto vidoto, na mie nilitaka majina yale yatoke kwa herufi za kupendeza, kama kadi za wateja wenye uwezo. Programu yenye herufi hizo iligoma kuingia: memori haitoshi, na hadi diski, ile sahani ya ndani inayohifadhi kila kitu, imejaa. Flopi, vile visahani vya kunakilia, nilikuwa nazo, lakini nilizijaza harusi za watu.

Nikamwita mjomba. Alikuja Jumamosi na bisibisi zake, akafungua kasha, akapuliza vumbi, akacheka.

"Mpwa wangu, na hili kopo ndilo unalolia nalo? Nipishe."

Akaongeza memori, akang'oa hadi diski ya zamani, akafunga nyingine kubwa aliyokuja nayo.

"Vitu vyangu umevihamisha, mjomba?"

"Vyote. Ama huniamini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mashine ilikuwa inawaka mbele yangu, ningebonyeza mara mbili tu nikaona. Lakini mtu ni mjomba wako, kaja bure, hajala hata tonge, utamkagua kama mwizi machoni pa mama? Nikaona haya. Nikampa maji ya kunawa, nikampakulia wali. Alipoondoka, hadi diski ya zamani aliitia mfukoni. Kwa mafundi wetu kifaa kilichotolewa ni cha fundi, hakuna anayeuliza.

Jumatatu nilitafuta majina, sikuyaona. Nikaenda Chang'ombe mbio.

"Shikamoo mjomba. Ile orodha iko wapi?"

"Marahaba. Orodha gani? Mbona mlikuwa na maorodha chungu nzima ya wafanyakazi wa shirika lenu! Shirika lenyewe halipo, nikasema ya nini kujaza takataka kwenye diski mpya?"

Kwa mazoea ya ofisini niliyaweka majina yetu humo humo, pamoja na orodha za wafanyakazi. Nikamwomba diski ya zamani. Alikwisha kuifuta, akaiuza jana yake kwa mtu aliyekuwa anapita. Hata pole hakusema. Aliniambia nisikuze mambo, wafu Mungu anawajua. Nilimchukia pale pale, na sijaacha.

Ikafika Alhamisi. Baba akatawadha, akaja akakaa kwenye kiti chake. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikaiwasha kompyuta, ikawaka mara moja, nikaukodolea macho ukurasa mtupu na kuanza "kusoma" kwa kichwa. Wakubwa niliwakumbuka. Mashangazi wa baba niliwachanganya. Vitoto havikunijia hata kimoja, nikavipita. Nilipofika mwisho, nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Baba aliendelea kuhesabu tasbihi muda kidogo.

"Leo umemaliza upesi," akasema.

"Ndiyo, baba. Mashine mpya inakwenda haraka."

"Alhamdulillahi," akasema.

Orodha ile aliisikia tangu utotoni, na aliyajua majina kwa jinsi yanavyofuatana hata kama asingeweza kuyataja peke yake. Alijua niliowaruka. Alhamisi iliyofuata niliwasha kompyuta, nikamngoja. Alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi. Nilipomwita, aliniambia niendelee na kadi zangu za harusi, yeye atawaombea wale anaowakumbuka. Hakuniomba tena kumsomea mpaka tulipomzika.